Watu wa Mama Masjala

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo kwenye kliniki ya wajawazito. Barua inasema mimi ni msimamizi wa mifumo ya kompyuta, lakini kufikia saa sita mchana kila mtu alikuwa ananiita Fundi, na nimeitika. Nimepewa chumba kilichokuwa cha mashuka. Bado kinanuka sabuni.

Kompyuta ziko sita. Inayobeba kliniki nzima ni ile ya masjala, dirisha la kwanza ukiingia, ambako kila mama anaandikishwa kabla hajapimwa chochote. Mfumo wote unafunguliwa ndani ya kivinjari, kama mtu anavyofungua ukurasa wowote wa mtandao. Anayekaa pale ni mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Wanamwita Mama Masjala. Ameniuliza nilizaliwa na kilo ngapi. Nikasema sijui. "Ukajifunze," akasema. "Hizo si habari za mtu kutozijua."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeweka skrini ya foleni barazani. Matroni, ambaye ndiye bosi wetu, amechoka na kelele za "nani anafuata?" Nikaichukua televisheni iliyokuwa inakaa bure, nikaiunganisha na kompyuta ya masjala, nikatengeneza ukurasa mdogo unaoonyesha namba ya anayeitwa na kujisasisha kila sekunde tano. Akina mama wamepiga makofi. Matroni kanishika bega: "Hii ndiyo akili tuliyokuwa tunaisubiri."

Nimerudi nyumbani kichwa kimenivimba. Shangazi, ambaye naishi kwake, amenisikiliza mpaka mwisho kisha akaniomba nimsogezee ndoo chini ya paa linapovuja.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Saa nne asubuhi Mama Masjala kaja mlangoni kwangu. "Fundi, ile mashine imeduwaa. Tangu Ijumaa inajikokota, leo imegoma kabisa."

Kweli, kivinjari kilikuwa kimeganda. Nikaizima, nikaiwasha. Ilipoamka, akabonyeza mahali pamoja, na juu ya skrini vikarudi vichupo, vile vibao vidogo vyenye jina la kila ukurasa ulio wazi, vyote alivyokuwa amefungua: ishirini na kimoja, vimebanana hata majina hayasomeki. Kila kichupo ni ukurasa wa mgonjwa.

Nikamweleza taratibu, kama nilivyofundishwa. Kila kichupo kinakula memori. Memori ni kama meza ya jikoni: ukiweka sufuria ishirini na moja hutapata pa kukatia kitunguu. "Vifunge vyote, ubaki na kimoja unachokitumia."

"Hivyo usiviguse," akasema. "Hao ni watu wangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Imeganda.

Ijumaa, 14 Machi

Imeganda mara mbili. Mvua haijakatika tangu juzi.

Jumanne, 18 Machi

Imeganda saa nne na robo, foleni ikiwa imefika getini. Nimemwambia tena kuhusu vichupo, na safari hii sikutumia mfano wa sufuria. Naandika majibu yake kama alivyoyasema kwa sababu yameniudhi:

"Kabla ya huu mfumo nilikuwa na daftari langu. Matroni akasema karatasi mwisho. Sasa na wewe unasema vichupo mwisho. Nibaki na nini, mwanangu?"

Nimemwambia Shangazi kwamba watu wa umri wao wanafungua kila kitu na hawafungi chochote. Shangazi akasema, "Asante."

Jumatatu, 24 Machi

Niandike kabla sijalala.

Usiku kucha ilinyesha, barabara ya bondeni ikajaa maji, kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyefika asubuhi. Maji yalipopungua saa tatu wakaja wote kwa mpigo. Barazani hapakuwa na pa kuweka mguu. Miavuli, kanga zilizolowa, matumbo. Saa nne kasoro mashine ikaganda. Nikawasha. Saa tano na nusu ikaganda tena. Skrini ya foleni ikabaki na namba 17 kwa muda mrefu, na aliyekuwa na namba 18, mama mmoja mwenye gauni la kijani, akateleza ukutani polepole hadi sakafuni.

Mkunga mrefu, yule anayetembea kama ana haraka hata akienda chooni, alitoka mbio akambeba nusu nusu hadi ndani. Ilikuwa njaa na kusimama, si zaidi. Lakini wakati ule hatukujua, na mtu barazani alikuwa ameanza kulia.

Matroni akaja dirishani. "Tatizo ni nini?"

Watu wote walikuwa wanatuangalia. Nikasema, "Ni vichupo. Nimemwambia wiki mbili hizi. Hataki kuvifunga."

Mama Masjala akavua miwani. Nilitegemea atajitetea. Akaifuta tu.

"Mama," Matroni akamwuliza, "una siku ngapi za likizo hujachukua?"

"Arobaini na moja."

"Zichukue. Kuanzia kesho. Pumzika."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Mama Masjala akakusanya mtandio, kikombe na mwavuli. Akasimama mlangoni, akaniambia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini: "Basi angalau uwaangalie."

Nikaitika, "Sawa, mama," bila kujua naitikia nini.

Alipotoka nikavifunga vichupo vyote ishirini na kimoja kwa mbofyo mmoja. Nikafuta historia ya kivinjari, nikafuta kila kilichohifadhiwa humo, mpaka kikawa kama sahani mpya.

Jumanne, 25 Machi

Nimekaa masjala mwenyewe. Haikuganda kutwa nzima! Umeme ulikatika mara mbili kwa sababu ya radi, ikabidi kuwasha upya, lakini mashine yenyewe haikusumbua. Nimefurahi, ingawa kiti chake ni kigumu. Mtu alikikaliaje miaka yote hiyo?

Jumatano, 26 Machi

Umeme umekatika mara tatu. Kazi imekwenda vizuri.

Alhamisi, 27 Machi

Leo umeme haukukatika. Saa nne na nusu mashine imeganda.

Kichupo kilikuwa kimoja tu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefanya leo nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Kivinjari kina orodha yake ya ndani inayoonyesha kila ukurasa ulio wazi na kiasi cha memori unachokula. Ni vitufe viwili tu kuifungua. Sikuwahi kuifungua kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari.

Ukurasa wa kwanza kwenye orodha, uliokuwa umekula zaidi ya nusu ya memori ya mashine nzima, ni ukurasa wangu wa foleni.

Nilikuwa nimeusahau. Unajifungua wenyewe mashine ikiwashwa, na unaonekana kwenye televisheni barazani, si kwenye skrini ya masjala, kwa hiyo sikuuhesabu. Kila baada ya sekunde tano ulikuwa unachora namba mpya bila kuitupa ya zamani. Tangu mlango ufunguliwe asubuhi hadi saa nne, maelfu ya namba zilikuwa zimerundikana nyuma ya ile moja inayoonekana. Umeme ukikatika, rundo linaanza upya. Ndiyo maana Jumanne na Jumatano palikuwa na amani. Na ndiyo maana "tangu Ijumaa": Alhamisi ndiyo siku niliyoiweka. Alinitajia siku yenyewe, nami nikamjibu habari za sufuria.

Kwa kutaka uhakika nimefungua kurasa ishirini na moja za wagonjwa, nikaziacha. Kivinjari chenyewe kinazilaza zisipoguswa. Zote pamoja hazikufikia hata sehemu ya kumi ya ule wangu mmoja.

Nimerekebisha mistari mitatu. Mpaka saa tisa memori ilikuwa palepale ilipokuwa saa tatu.

Nyani haoni kundule. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 31 Machi

Kikao cha asubuhi. Matroni: "Mmeona? Vile vichupo vimeondoka, mashine inapumua. Tumpongeze Fundi." Wakapiga makofi. Nikainamia chai yangu.

Jumanne, 1 Aprili

Haikuganda. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Haikuganda. Mvua kubwa. Shangazi ameniuliza mbona sili.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa sita mchana alikuja dirishani mwanamume amelowa hadi kwenye soksi, kofia mkononi.

"Samahani dada. Yule mama anayepiga simu yuko wapi?"

"Mama yupi?"

"Anayempigia mke wangu kila Jumatatu na Alhamisi. Presha yake ilipanda, akaambiwa apimwe kila wiki. Sasa barabara ikijaa maji hatuwezi kuja, basi mama anapiga. Anamwuliza, kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri? Miguu imevimba? Akisema njooni, tunakuja hata kwa miguu. Wiki iliyopita hakupiga. Hii pia hajapiga. Mke wangu akasema labda sasa niko salama. Mimi nikasema hapana, hebu twende."

Mke wake alikuwa kwenye benchi nyuma yake. Mkunga mrefu akampima hapohapo, akampeleka kitandani bila kumrudisha barazani. Kisha akanifuata.

"Vichupo alivyokuwa navyo yule mama," nikamwuliza, "vilikuwa vya nani?"

"Wa presha. Wale ambao usipowafuatilia wanaweza kupata kifafa cha mimba. Kwani hukujua?" Akaniangalia usoni. "Umeviweka wapi?"

Nilichukua mwavuli nikatoka. Nyumba ya Mama Masjala iko mwendo wa dakika kumi na tano. Sijui nilitumia ngapi. Nilimkuta sebuleni anashona zipu ya begi. Nilikuwa natiririka maji kwenye zulia lake. Akanipa taulo kwanza.

"Nimevifunga," nikasema. "Nimefuta na historia."

"Yote?"

"Yote."

Akaweka begi chini. Akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole, akipita mtaa baada ya mtaa kama anatembea. "Nyuma ya kiwanda, wawili: mwenye mapacha na mke wa seremala. Karibu na shule, yule mwalimu, na jirani yake mwenye mimba ya tano. Bondeni..." Nilikuwa naandika nyuma ya bahasha, kalamu haiendani na kasi yake. Alifika kumi na tisa akasimama. Akarudi mwanzo. Kumi na tisa tena. Nilimwona anavyojipiga paja kwa ngumi, polepole.

"Wawili wananikimbia. Nawaona wamekaa, majina siyaoni."

"Twende kliniki," nikasema. "Kurasa zao zipo kwenye mfumo, sijafuta mtu. Nitawatafuta kwa presha yao."

Tulikwenda chini ya mwavuli mmoja. Pale masjala akasimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, nimekikalia mimi. Niliuambia mfumo unipe kila mjamzito ambaye presha yake ilipanda na hajaonekana kwa wiki moja au zaidi. Majina thelathini na manne. Akavaa miwani. "Huyo amejifungua. Huyo pia. Huyo alihama... Simama! Huyu hapa. Na huyu, msusi! Mimba yake ya kwanza. Mungu wangu, msusi."

Mkunga na Mama Masjala wakagawana simu. Mimi nikawa nasoma namba. Mmoja baada ya mwingine walipokea. Watatu wakaambiwa waje mara moja. Simu ya msusi ilikuwa imezimwa. Kwenye ukurasa wake kulikuwa na namba ya mama mkwe. Mama Masjala akapiga, akasalimia kwa utulivu kana kwamba ni siku yoyote, akamwulizia mkwe.

Sauti ilitoka hadi nilipokaa: "Amelala tangu asubuhi. Kichwa. Anasema anaona nyota nyota."

Mkunga alikuwa ameshafika kwenye gari la wagonjwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Alipata degedege ndani ya gari, karibu na hospitali kubwa. Wamempasua. Mtoto ni wa kike, kilo moja na gramu mia saba. Mama yake hajaamka.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Hajaamka.

Nimemsimulia Shangazi yote, hata lile la ukurasa wa foleni. Hakunikaripia. Alikaa kando yangu, akaniuliza kama nimekula, akaniuliza Jumatatu nitasema nini. Nikamwambia sijui. "Unajua," akasema.

Jumapili, 6 Aprili

Ameamka! Mkunga kanipigia simu saa nane mchana. Ameulizia mtoto, kisha ameuliza nani anamwangalizia saluni.

Nimelia jikoni.

Jumatatu, 7 Aprili

Kikao cha asubuhi. Nilisimama kabla Matroni hajafungua mdomo, maana nikingoja ningekaa.

"Mashine haikuwa inagandishwa na vichupo. Ilikuwa inagandishwa na ukurasa wangu wa foleni. Nimelijua hilo tangu tarehe ishirini na nane na nimenyamaza. Mlinipigia makofi nikanyamaza. Mama Masjala hakuwa na kosa lolote."

Mtu aliweka kikombe mezani.

Mkunga mrefu ndiye aliyeanza. "Haya. Mficha uchi hazai. Na hapa ni kliniki ya uzazi, huo ndio mtaji wetu." Mmoja wawili wakacheka, na hewa ikarudi chumbani.

Matroni hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Mimi ndiye niliyesema karatasi mwisho," akasema. "Nililichukua lile daftari kwa mkono wangu. Sikufungua kuangalia lina nini." Akanitazama. "Utaandika maelezo, Fundi, yote, na yatakaa kwenye faili lako. Sasa inuka, twende."

Tulimkuta Mama Masjala anaanika. Matroni, ambaye sijawahi kumwona akimwomba mtu kitu, alisimama kwenye matope akamwomba radhi. Kisha ikawa zamu yangu.

"Nilikuonea, mama."

"Ulinionea," akasema. Alikung'uta shuka, akalibana kambani kwanza. "Unajua kilichoniuma? Si likizo. Nilikaa hapa nikaanza kuamini. Nikasema labda kweli nimezeeka, labda naharibu vitu vya watu bila kujua. Siku tatu sikumpigia hata dada yangu, naogopa nitasahau nilichotaka kumwambia. Hata kuwauliza wagonjwa wangu nikaogopa. Nikasema Fundi ameitika, anawaangalia."

Aliniacha nimesimama muda wa nguo mbili, kisha akanipa ncha ya shuka lililofuata nimshikie.

Matroni akamwambia arudi leo hii.

"Hapana. Siku arobaini na moja ni zangu, nimetumia kumi. Nitakuja Jumatatu na Alhamisi kupiga simu, basi. Siku nyingine kiti kile akikalie huyu. Akijue."

Jumatano, 9 Aprili

Nimekijua. Mgongo!

Ijumaa, 11 Aprili

Nimetengeneza orodha ndani ya mfumo. Presha ya mtu ikipanda, jina lake linaingia lenyewe, na halitoki mpaka aliyempigia aandike alichoambiwa. Jana Mama Masjala aliipekua kama mtu anayenunua kitambaa. Akasema herufi ni ndogo. Nimezikuza. Akasema kuna mahali pa presha na pa tarehe lakini hakuna mahali pa kuandika kwamba mume anasafiri, au kwamba simu ni ya jirani. Nimepaweka leo.

Nilimwuliza alianza lini lile daftari. "Miaka minane iliyopita," akasema. "Kwa sababu ya mmoja." Hakutaja jina, nami sikuuliza.

Mtoto wa msusi amefika kilo moja na gramu mia nane na ishirini.

Jumatatu, 14 Aprili

Amenikalisha pembeni yake nisikilize anavyopiga. Baada ya simu ya nne akaniuliza nimeona nini.

"Huanzi na kliniki."

"Ukianza na 'umekosa kliniki' anajitetea, hakuambii ukweli. Mwulize amelalaje. Mwache ajibu. Ukisikia anasita, hapo ndipo pa kuuliza kichwa."

Alhamisi, 17 Aprili

Mama Masjala amekwenda hospitali kubwa kumwona msusi, ambaye leo wameruhusu ashike mtoto kifuani. Kaniambia jana kwa simu, kana kwamba ni jambo dogo: "Kesho utawapigia wewe."

Nimefika saa moja na nusu, kabla ya foleni. Mvua imekatika usiku. Barazani bado kuna madimbwi. Nimefungua orodha. Majina kumi na sita. Nimenyanyua simu, nikairudisha, nikanywa maji, nikainyanyua tena.

Iliita mara tano. Kisha sauti ya mwanamke, nzito bado kwa usingizi: "Haloo. Nani mwenzangu?"

Nilitaka kusema ni fundi wa kompyuta.

"Ni mimi, wa masjala," nikasema. "Umelalaje, mama?"

Akasita.

Nikavuta kiti karibu.